Viatu Vyangu Viligeuka Kashata

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu mimi ilikuwa na urefu wa kilomita 500 na ushei, kutoka Limuru hadi Mombasa, na bado niliufikia mwisho wake kabla ya jua kuzama.

Kisa changu kinahusu peremende. Tafadhali usicheke ukaruka ukurasa kwenda kwenye mashairi. Hapa chamani tumebishana mara nyingi kama tuseme pipi, switi, lawalawa au peremende. Kamusi hueleza kwamba neno peremende limetokana na jina la Kiingereza la mnanaa ule mkali unaopoza kinywa. Kwa hivyo peremende nizisemazo mimi ni peremende kamili: katikati mna mnanaa, nje zimevishwa koti la chokoleti.

Mara ya kwanza kuzionja nilikuwa katika darasa la tano. Dada yangu mkubwa alikuwa ameajiriwa jikoni katika hoteli moja huko Pwani. Aliporudi nyumbani Krismasi alitutolea mkobani vipande viwili vyembamba, vimefungwa kwa karatasi ya kung'aa. Mpishi mkuu alikuwa amempa baada ya zamu. Tulikuwa watu wanne: Mama, kaka yangu, Dada na mimi. Mama alichukua kisu akavikata katikati, kila mtu nusu yake.

Nilipouma ile nusu yangu, chokoleti iliyeyuka, halafu upepo ukavuma mdomoni. "Dada," nikasema, "ni kama nimemeza baridi ya hapa kwetu!"

Walicheka hadi machozi. Dada akasema, "Siku nitakayoolewa, keki sitaki. Nataka hizi."

Nami kwa utoto wangu nikajibu, "Nitakutengenezea mimi."

Ahadi ni deni. Tena deni langu kwa Dada halikuwa la peremende peke yake. Baba alitutoka nikiwa mdogo, na Mama ni mchumaji wa majani chai katika mashamba ya watu, hulipwa kwa kilo. Nilipoingia kidato cha kwanza mwaka 2023, aliyelipa karo ni Dada. Godoro na sanduku ni yeye. Hata kamusi niliyoitumia kuandika insha hii ni yeye. Kwa hiyo tulipopata habari kwamba harusi yake itakuwa Mombasa, Desemba 2024, niliona sasa zamu yangu ya kulipa imefika.

Shida ikawa pesa. Sikuwa na hata ndururu.

Wiki ya kwanza ya likizo Mama aliniita jikoni. Viatu vyangu vya shule vilikuwa vimefungua vinywa kama vinyoya vya ndege wanaongoja chakula. Alifungua fundo la leso yake akanihesabia shilingi 2,500. "Nenda ununue viatu vizuri vya ngozi," akaniambia. "Usichukue vya karatasi, vitakufia mwezi wa pili."

Nilizipokea kwa mikono miwili. Nilishuka mjini nikijua kabisa kwamba dukani kwa viatu sitaingia.

Nilinunua chokoleti ya kupikia kilo moja kwa shilingi 1,300. Muuzaji alipoona nimeshtuka alisema, "Kakao imepanda, dada, si mimi." Baadaye nilisoma nikagundua hakunidanganya. Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka katika nchi mbili tu, Kodivaa na Ghana, na mavuno yao yalikuwa mabaya. Mwaka ule wa 2024 bei katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani. Jirani zetu nao hulima kakao, Waganda kule Bundibugyo na Watanzania kule Kyela, lakini haikuwa na uwezo wa kuniokoa mimi pale kaunta. Nikaongeza sukari laini ya kupambia keki kilo moja, shilingi 320. Maziwa mazito ya mkebe, shilingi 250. Na kichupa cha arki ya peremende, shilingi 150. Jumla shilingi 2,020. Zilibaki 480, ambazo haziwezi kununua hata kiatu kimoja cha kushoto.

Mama aliporudi kutoka shambani alizikuta bidhaa mezani. Akauliza, "Hivi vyote vimetoka wapi?"

Mdomo wangu ulijibu kabla ya akili. "Dada ametuma pesa. Anataka nimtengenezee peremende za harusi."

"Na viatu?"

"Nitanunua baada ya Krismasi, bei zikishuka."

Mama alitikisa kichwa, akaenda kuosha mikono. Aliniamini. Jambo hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana angenishuku pengine ningesema kweli.

Basi kazi ikaanza. Mwanzoni nilidhani nitafanya ujanja wa kutumia mnanaa wa nyuma ya nyumba ili arki ibaki. Nilichuma majani konzi mbili, nikayachemsha, nikachuja maji yake na kuyachanganya na sukari kidogo. Nilichopata ni uji wa kijani wenye ladha ya nyasi za ng'ombe. Maji yalikuwa mengi na mnanaa ulikuwa haba. Nikaimwagia migomba, nikafungua kichupa.

Ndani ya mnanaa mna kitu kiitwacho mentholi. Mentholi haiupozi ulimi kama barafu. Inazigutusha zile neva zinazopeleka habari ya baridi kwenye ubongo, nao ubongo unasadiki. Wanasayansi David Julius na Ardem Patapoutian, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, kila mmoja katika maabara yake aliitumia mentholi kukitambua kipokezi cha baridi mwilini. Kumbe hata mnanaa ni mwongo, nikajiliwaza. Lakini mnanaa haujali viatu vya mtu.

Nilichekecha sukari, nikatia robo tatu ya ule mkebe wa maziwa na vijiko viwili vidogo vya arki, nikakanda kama ninayekanda chapati mpaka donge likaacha kunata. Macho yalinitoka machozi kwa ule ukali. Nilifinyanga vidonge 100, kila kimoja nikakibonyeza kwa kitako cha glasi kikawa bapa kama shilingi ishirini. Nikavipanga kwenye masinia, nikaviacha usiku kucha vikauke. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na usiku wetu hauhitaji friji.

Asubuhi ilikuwa zamu ya chokoleti. Niliikatakata, nikatia theluthi moja kwenye bakuli na kuliweka bakuli juu ya sufuria ya maji moto. Chokoleti haipendi moto wa moja kwa moja, huungua. Hilo nililijua. Nisichokijua ni kwamba inachukia maji kuliko paka. Mvuke ulipanda ukadondosha matone machache bakulini, na kufumba na kufumbua ile chokoleti iliyokuwa ikiteremka kama asali ikagandamana, ikawa tope lenye punje punje. Nilikoroga hadi mkono ukafa ganzi. Wapi! Unga wa kakao na sukari vikiguswa na maji kidogo hushikamana, na mtu hawezi kuvibembeleza viachane. Karibu gramu 300 zikaenda hivyo. Kaka yangu alizitia kwenye maziwa moto akanywa vikombe vitatu, akaniombea niharibu tena.

Zilizobaki nilizishughulikia kama mtoto mchanga. Bakuli nililifuta mpaka likakauka kabisa, maji nikayaacha yasichemke, na sufuria nikaifunika pembeni kwa kitambaa. Niliyeyusha theluthi mbili, nikaepua, halafu nikatia ile theluthi iliyobaki na kukoroga polepole mpaka yote ikalainika na kupoa. Mwalimu wetu wa Sayansi Kimu alikuwa ametufundisha kwamba ukipakaza tone chini ya mdomo na ukaona limepoa kidogo kuliko ngozi, chokoleti iko tayari. Ukifuata hivyo hukauka ikang'aa na kukatika kwa mlio. Usipofuata, huwa na mabaka meupe kama mtu asiyejipaka mafuta.

Nilichovya kimoja kimoja kwa uma. Kufikia saa saba mchana vyote 100 vilikuwa vimevaa makoti. Mama alikula kimoja akafumba macho. "Vinafanana na vya siku ile," akasema. Kaka alikula viwili, mimi kimoja. Vilibaki 96, nikavipanga katika katoni, safu 8 za 12, nikitenga kila safu kwa karatasi. Usiku ule nililala kama mfalme, nimesahau kwamba chini ya kitanda viatu vyangu bado vilikuwa vinapiga miayo.

Siku ya siku ikawadia, Ijumaa. Tuliondoka Limuru alfajiri, meno yakigongana kwa baridi, na saa tatu basi letu likang'oa nanga Nairobi. Nilitaka kuipakata katoni yangu. Utingo akasema, "Siste, mzigo mkubwa ni chini." Nikamwambia ni peremende za harusi. "Hata kama ni bwana harusi mwenyewe, ni chini," akajibu. Abiria wakaangua kicheko, na katoni ikaingia kwenye buti.

Emali tulivua sweta. Mtito Andei tulifungua madirisha. Tulipofika Voi, saa nane, nje hewa ilikuwa inacheza juu ya lami kama maji, na nilipougusa ubavu wa basi vidole viliruka. Hapo ndipo nilipokumbuka somo la Kemia. Mafuta yaliyo ndani ya chokoleti, yaani siagi ya kakao, huyeyuka kwenye joto la nyuzi 34 hivi. Mwili wa binadamu ni nyuzi 37, na ndiyo sababu chokoleti hufa mdomoni kwa utamu vile. Je, ndani ya buti la chuma, chini ya jua la utosi la Desemba, kuna nyuzi ngapi? Nilipiga hesabu moyoni, nikaanza kutokwa na jasho ambalo halikuwa la Voi.

Tuliwasili Mombasa magharibi. Dada alitupokea kwa vifijo, akatupeleka Majengo alikopanga chumba katika nyumba ya Kiswahili. Mwenye nyumba, mama mtu mzima ambaye kila mtu humwita Bibi, alikuwa amekaa barazani akikuna nazi kwa mbuzi. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akituamuru tukae tunywe maji.

Mama hakungoja. Alimshika Dada mkono na kusema mbele ya watu wote, "Asante, mwanangu, kwa kumtumia huyu mdogo wako pesa za peremende. Amezifanya kwa bidii. Hebu fungua uone."

Dada alinitazama. Mimi nilitazama sakafu. Nilimsikia akivuta pumzi, kisha akasema taratibu, "Haya, tuone."

Alifungua katoni. Ndani hamkuwa na safu 8 wala vidonge 96. Mlikuwa na ziwa moja la kahawia lenye visiwa vyeupe, na karatasi zinaelea humo kama mashua zilizozama. Harufu ya mnanaa ilijaa baraza nzima. Mtu mmoja akasema, "Ala! Dawa ya kifua?"

Nilipasuka kilio. Watu walidhani ninalilia peremende. Nusu yake ilikuwa kweli.

"Mbona yuwalia mtoto huyu?" Bibi akauliza. Akalisogeza sinia la nazi, akachovya kidole katika lile ziwa, akalamba. Akanyamaza. Akalamba tena. "Kitu ni kizuri. Ila hiki si kitamu cha huku. Huku jua lina meno. Wacha kulia, mwanangu, ndoo hapa unikunie nazi."

Nazi zilikuwa nne. Dada alikaa kwenye mbuzi wa pili kando yangu, tukawa tunakuna bega kwa bega. Mama alipoingia ndani kuoga, Dada akaniuliza chini kwa chini, "Pesa ulizitoa wapi?"

"Za viatu."

Mbuzi wake ukasimama. "Na kwa nini ukamwambia Mama ni mimi?"

"Nilitaka nikulipe, Dada. Wewe unalipa kila kitu."

Kwa muda mrefu alikuna bila kusema neno. Mwishowe akasema, "Sikulipi karo ili unilipe. Nami sitamwambia Mama. Utamwambia wewe, tena si leo, usimharibie furaha. Lakini kabla hujaingia nyumbani Limuru awe amejua. Umenisikia?"

"Nimesikia, Dada."

Bibi alitia nusu kilo tu ya sukari katika karai na maji kidogo. "Sukari imo humo tele," akasema, akinionyesha katoni yangu. Shira ilipochemka ikawa nzito na kuvuta nyuzi kwenye mwiko, akamwaga nazi na iliki iliyotwangwa. Kisha tukaondoa zile karatasi, tukalimwaga ziwa langu lote humo. Alinipa mwiko. "Songa. Usiwache mpaka lijikusanye lenyewe, liwache karai." Nilisonga robo saa nzima. Mikono iliniwaka, lakini donge likajikusanya kweli, likawa linaniachia karai safi. Tulilimwaga kwenye masinia yaliyopakwa mafuta, tukalisawazisha kwa mgongo wa upawa, na kabla halijapoa kabisa Bibi akalikata kwa kisu vipande vya pembe nne za mshazari. Vilikuwa zaidi ya 200.

Nilimwuliza kwa nini hizi haziyeyuki. Akanijibu, "Chokoleti yako imesimama kwa mafuta. Kashata imesimama kwa sukari." Nimelipeleka jibu hilo kwa mwalimu wa Kemia, naye akasema Bibi ana haki ya kutufundisha kidato cha nne. Sukari iliyochemshwa ikapoa hugeuka fuwele ngumu, na jua la Mombasa haliwezi kuziyeyusha fuwele hizo.

Siwezi kusema zilikuwa nzuri machoni. Rangi yake ilikuwa ya matofali mabichi, na kesho yake niliona wageni wawili wakizizunguka sinia kwa mashaka. Lakini aliyeionja moja alirudi. Kwanza nazi, kisha iliki, kisha ule upepo wa Limuru mwishoni kabisa, umefifia kidogo kwa moto. Dada alikula yake akiwa katika shela. Aliikata katikati akanipa nusu.

Tulirudi Jumapili. Nilikuwa nimejiapia nitasema Voi, lakini Voi ikapita. Mtito Andei ikapita. Basi lilipoanza kupanda na hewa kupoa, nikaona nikingoja zaidi nitafika nyumbani na mzigo wangu. Nikajikaza kisabuni.

"Mama, Dada hakutuma pesa. Nilitumia za viatu."

Mama aliangalia nje dirishani mpaka tukaupita mji wa Emali. Kisha akaniuliza, "Shilingi ngapi?"

"2,020."

"Unajua hizo ni kilo ngapi za majani chai?"

Sikujua. Hakunitajia. Alisema tu, "Likizo ya Aprili utakuja shambani uzitafute mwenyewe." Baada ya hapo akalala, au alijifanya amelala.

Muhula wa kwanza wa mwaka 2025 nilivaa viatu vile vile, nimevishonesha kwa fundi kwa zile shilingi 480 zilizobaki. Wenzangu wa kidato cha tatu mlionibandika jina la Mamba kwa sababu ya vile vinywa vya viatu, sasa mmejua asili yake. Likizo ya Aprili nikafunga kikapu mgongoni. Mchumaji mgeni huchuma kidogo, maana vidole havijajua kuchagua majani mawili na chipukizi. Siku ya kwanza Mama alijaza kikapu mara mbili kabla yangu. Ilinichukua siku tisa kuzifikisha 2,020, na jioni ya siku ya tisa mgongo wangu haukunyooka. Nilimkabidhi Mama pesa zote kwa mikono miwili. Alizihesabu, akazifunga kwenye fundo la leso. Asubuhi akalifungua tena, akaongeza zake, tukashuka mjini pamoja kununua viatu.

Hivi ndivyo nilivyovaa ninapoandika. Ni vya ngozi.

Ewe msomaji, ukitaka kutengeneza peremende za mnanaa na chokoleti, njia nimekwisha kukueleza: bakuli kavu, moto mdogo, arki kwa vijiko vidogo, na ukiwa nyanda za baridi hutajuta. Kama unakwenda Pwani, beba nazi. Na kama pesa ni za viatu, nunua viatu.

Hapa naitua kalamu yangu.